Niliacha dini, hofu ya moto ikabaki

Watu wanaonijua vizuri huniuliza swali hili wakiwa wamepunguza sauti: "Sasa wewe huogopi?" Wanamaanisha moto. Huwa nawajibu kwamba niliogopa sana, na niliogopa zaidi baada ya kuacha kuamini kuliko nilipokuwa naamini. Jibu hilo huwashangaza. Wengi hudhani mtu anayeacha dini ama hakuwahi kuogopa, ama kiburi kimempanda kichwani. Naandika kwa ajili ya walio katikati, wale ambao moyoni hawaamini tena lakini saa nane za usiku wanaamka shuka limelowa jasho. Zamani nilitafuta maandishi ya Kiswahili ya mtu aliyepita huko nikakosa. Niliyoyapata yote yalikuwa ya kuniita nirudi.

Nimezaliwa Mwanza, katika familia iliyotoka Muleba. Bibi mzaa mama alikuwa mlokole wa zamani, wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu Kagera. Alikuwa Mlutheri. Aliimba Tukutendereza asubuhi huku akimenya ndizi, na sikumbuki hata siku moja akinitishia moto. Kwake kuokoka kulikuwa ni kukiri mbele ya wenzako ulichokosa, kurudisha kuku wa watu, kisha kufurahi. Mama aliokoka kivingine. Aliingia kanisa la kipentekoste pale mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya baba kuondoka, na kanisa lile lilimshika mkono kwelikweli. Walituletea unga. Walinichangia ada. Nilipolazwa kwa homa ya matumbo, kina mama wa maombi walipeana zamu za kulala wodini. Nayasema haya mapema kwa sababu simulizi nyingi za kuacha dini huanza na wachungaji wezi. Wa kwetu hakuwa mwizi. Ukiacha kanisa la namna ile huachi mafundisho peke yake, unawaacha watu waliokulisha.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Ndiyo meli tuliyokuwa tukipanda kwenda kwa bibi. Mamia walikufa, na wengi wamelala pale Igoma. Jumapili iliyofuata mhubiri alisimama akauliza, "Wangapi kati yao walikuwa tayari?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa wale ambao hawakuwa tayari, maji ya ziwa ndiyo yaliyokuwa baridi yao ya mwisho. Nilikuwa na miaka tisa. Msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa amefia ndani ya meli ile, na kwao hawakuwa wameokoka. Hakuna aliyeniambia yuko wapi. Hesabu nilipiga mwenyewe.

Tangu hapo hofu ilihamia nyumbani. Aliyelelewa katika mafundisho ya unyakuo, kwamba siku moja Yesu atawachukua ghafla waliookoka na wengine wataachwa, anajua ninachosema. Unatoka shule, unakuta mlango uko wazi, sufuria ipo jikoni, ndani hakuna mtu, na mwili mzima unakufa ganzi: wamenyakuliwa, nimeachwa. Nilikuwa nakimbilia nyumba ya tatu kwa mama mmoja mwombaji, nachungulia. Nikimkuta anapeta mchele, pumzi inarudi, kwa sababu yule hangeweza kuachwa. Nimekuja kusimulia jambo hili ukubwani mbele ya watu wa malezi kama yangu, na kila mmoja alicheka kwanza kisha akatoa la kwake.

Mwishoni mwa 1999 Mama hakununua sare za Januari. Hakusema kwa nini, lakini tulijua: alitegemea dunia itaisha kabla ya mwaka 2000. Tulikesha kanisani tarehe 31 Desemba, watu wakilia kwa sauti, na kulipokucha tukarudi nyumbani tukapika wali. Hakuna mkubwa aliyelizungumzia tena. Miezi michache baadaye, tarehe 17 Machi 2000, redio ikatangaza habari za Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda: mamia ya wafuasi wa dhehebu lililohubiri mwisho wa dunia wameteketea ndani ya jengo lao la ibada. Mama alitikisa kichwa akasema wale walipotoshwa. Nikajiuliza, lakini moyoni tu, wao wangejuaje kwamba wamepotoshwa? Swali lile nililikalia kwa miaka mingi. Nilidhani ni shetani aliyelileta.

Kilichoniondoa kwenye imani hakikuwa hasira, na wala hakikuwa dhambi fulani tamu, ingawa wapendwa hawaachi kutafuta jina la huyo mwanamume. Kilianzia hosteli, Dar es Salaam, nikisomea maabara. Tulikuwa wanne chumba kimoja. Mmoja, kutoka Tarime, alikuwa Msabato. Siku moja katika mazungumzo ya kawaida akasema hakuna moto wa milele: wafu wamelala, hawajui neno lolote, na waovu siku ya mwisho watateketea waishe. Akanifungulia Mhubiri 9:5. Biblia ni ile ile niliyokuwa nayo mimi, tafsiri ile ile, na mtu huyu aliiamini kuliko mimi. Kumbe kulikuwa na Wakristo wenye msimamo mkali kuhusu chakula, mavazi na siku ya ibada ambao jambo lililoniharibia usingizi tangu utotoni walilikataa kwa aya.

Mwingine alikuwa binti wa Pemba, mswalihina hasa. Usiku mmoja wa Ramadhani alinishika mkono akalia. Aliniambia ananipenda kama dada yake, na anaogopa nitakufa kabla sijatoa shahada. Nilimkumbatia, nikamshukuru, nikarudi kitandani kwangu nikalala fofofo.

Zilipita wiki kadhaa kabla sijashtuka. Rafiki yangu alikuwa ameniambia, kwa machozi ya kweli, kwamba nitaungua milele, nami sikutetemeka hata kidogo. Kwa nini? Moto wake haukuwa umepandwa ndani yangu nikiwa mtoto. Naye akisikia mahubiri ya mikutano ya injili pale nje alikuwa analala vilevile, bila wasiwasi. Kila mmoja wetu aliogopa moto wa kwao tu. Kama hofu yangu ingekuwa ishara ya jambo la kweli, basi na ya kwake ingekuwa ishara ya kweli, na zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Hapo ndipo watu huleta ile hoja ya kwamba bora uamini tu, maana ukikosea hupotezi kitu. Ni hoja ya zamani. Mfaransa Blaise Pascal aliiweka vizuri katika karne ya 17, na mwenzake Denis Diderot, katika karne iliyofuata, akajibu kwamba imamu naye anaweza kusema maneno hayo hayo. Mimi niliyelala chumba kimoja na Mpemba sikuhitaji kumsoma Diderot. Lakini sehemu ya pili ya hoja ndiyo inayoniudhi zaidi, ile ya "hupotezi kitu". Nilipoteza usingizi wa utoto wangu. Nilipoteza rafiki wa sekondari niliyekatazwa kumtembelea kwa kuwa baba yake ni mganga wa kienyeji. Zaka ya posho yangu ya kwanza ilitoka nikiwa nakunywa chai kavu. Kuna gharama. Inalipwa huku huku.

Kuacha kwenyewe hakukuwa na siku maalumu. Kwanza zaka, kisha kwaya, kisha mikesha, mwishoni Jumapili. Sitakaa hapo.

Hofu ndiyo iliyokuja na nguvu mpya. Ilianza nilipoacha kusali kabla ya kulala. Mwanzoni ilikuwa ni kukosa raha tu, kama umetoka nyumbani bila kufunga mlango. Baadaye ikawa moyo kwenda mbio, mikono kufa ganzi, na sauti ya mhubiri wa utotoni ikirudia aya ya Marko 9, funza wasiokufa na moto usiozimika. Radi ikipiga, nakaa kitako. Basi likiyumba barabarani, nafumba macho na kuomba toba kimyakimya. Nikipata homa, kabla sijapima malaria (na kazi yangu ndiyo hiyo!) nimeshaongoza sala ya toba mwenyewe, maneno yale yale ya mikutano ya injili ya viwanja vya Furahisha, Mwanza. Kukipambazuka naona aibu. Nilijiambia mimi mnafiki pande zote mbili: siamini, na siwezi kuacha.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kanisa lilikuwa limeshaniandalia maelezo ya hali ile. Ukisikia hofu, ni Roho anakuita urudi. Usiposikia hofu, dhamiri yako imechomwa moto, kama Paulo anavyomwandikia Timotheo. Kwa hiyo nikiogopa nina hatia, nisipoogopa nina hatia zaidi. Juu ya hayo kulikuwa na ile dhambi ya kumkufuru Roho Mtakatifu, isiyosameheka, ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kutueleza vizuri ni ipi hasa. Nililala nikijiuliza kama nimeshaitenda kwa kuwaza tu. Siku nilipochukua karatasi nikaandika mafundisho haya moja baada ya jingine, nikaona kwamba hayana mlango wa kutokea, kwamba hakuna hali yoyote ya mwili wangu ambayo yangeikubali kuwa ni ya kawaida tu, nilipata ahueni kidogo. Nakushauri uyaandike. Kichwani yanazunguka, kwenye karatasi yanakaa mahali pamoja unayaona.

Nikasoma pia. Nilijifunza kwamba katika sehemu kubwa ya Agano la Kale kuzimu ni kwa wafu wote, wema kwa wabaya. Hata Yakobo alipodhani Yusufu ameliwa na mnyama alisema atamshukia mwanawe huko. Nikajua kwamba jehanamu ya Injili imebeba jina la Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ambako Biblia inasema watoto walichomwa kwa ajili ya mungu aitwaye Moleki hadi mfalme Yosia akapanajisi mahali pale. Nikawakuta Waafrika wawili wakipingana: Origen wa Aleksandria, karne ya 3, aliyefundisha kwamba mwishowe wote watarejeshwa kwa Mungu, na Augustino, askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo, aliyeutetea moto wa milele kwa nguvu zote karne mbili hivi baadaye. Mawazo ya Augustino ndiyo yaliyotawala makanisa ya Magharibi, na mafundisho yaliyohusishwa na Origen yakaja kulaaniwa katika karne ya 6. Kumbe jambo nililoambiwa kuwa halina mjadala lilikuwa limejadiliwa na watu wakashindana.

Nilijua yote hayo, na bado saa nane usiku natetemeka. Hili nataka ulishike kama unapita huko. Kusoma kutakusaidia mchana. Usiku mwili haukumbuki Origen. Niliona ajabu, nikadhani hoja zangu ni dhaifu, nikaongeza vitabu. Nilipaswa kujua kwamba hofu haikuingia kwa hoja, iliingia nikiwa na miaka tisa, kwa sauti ya mtu mzima niliyemwamini, siku tulipokuwa tunaomboleza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marlene Winell, aliyelelewa na wamisionari wa kipentekoste, alianza mwaka 2011 kuandika kuhusu majeraha ya kidini kama tatizo lenye jina lake. Kwa wengine jina halina maana. Mimi lilinipa ruhusa ya kutafuta msaada kama ninavyotafuta dawa.

Msaada wenyewe una mitego. Mshauri wa kwanza niliyeelekezwa alikuwa na cheti ukutani, na alinisikiliza vizuri sana. Dakika za mwisho akaniambia tufumbe macho, akakemea roho ya uasi. Nikalipa, nikaondoka. Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza waziwazi: katika ushauri wako unatumia maombi? Nikikueleza kwamba tatizo langu ni imani niliyoiacha, utanisaidia bila kunirudisha? Aliyekupasa atajibu bila kukwazika. Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyewe anasali Jumapili, na hakuwahi kunihubiria. Alinigharimu karibu robo ya mshahara kila mwezi, nikaacha kwenda saluni na nikaahirisha kununua friji.

Alichonifundisha kinaonekana kidogo. Hofu ikija, usiombe toba na usibishane nayo. Kaa. Weka miguu sakafuni, taja vitu unavyoviona chumbani, pumua polepole ukitoa pumzi ndefu kuliko unavyovuta. Mwili hauwezi kubaki kwenye kilele cha hofu usiku kucha, utashuka wenyewe. Kila nilipokimbilia sala ya toba, nilikuwa naufundisha mwili kwamba hatari ilikuwa ya kweli na sala ndiyo iliyoniokoa, na usiku unaofuata ungedai sala tena. Mara ya kwanza nilipokataa kuisema nilidhani nakufa. Nililia hadi adhana ya alfajiri. Sikufa.

Alinitaka pia niandike hofu ilikuja lini na siku hiyo nilikuwa nimefanya nini. Nikufiche nini? Nilitegemea kuona maandiko au mawazo mazito. Daftari lilionyesha zamu za usiku, kutokula jioni, na vipaza sauti vya mkutano wa injili uliokuwa jirani. Jehanamu yangu, kwa sehemu kubwa, ilikuja nikiwa na njaa na usingizi. Nilinunua vizibo vya masikio. Ni ushauri wa kijinga kuuandika katika jambo zito namna hii, lakini ndio uliofanya kazi haraka kuliko yote.

Leo hofu haijaisha kabisa. Ni kama lafudhi ya nyumbani: unahama mkoa, unaongea kama wenyeji, ukishtuka inatoka ile ile. Mwaka jana ndege ilitikisika juu ya Dodoma na mdomo wangu ukasema "Yesu" kabla sijajua. Zamani ningekaa wiki nzima nikijiuliza hiyo inamaanisha nini. Safari hii niliomba maji. Ukisubiri hofu iishe ndipo uanze kuishi, utasubiri sana. Kuolewa sijaolewa, lakini nimepanga nyumba yangu, nimesoma tena, nimezaa mtoto, vyote nikiwa na lafudhi hiyo.

Uchumba niliokuwa nao uliishia njiani. Alikuwa kijana wa kanisani, kishika uchumba kilikuwa kimeshapokelewa, na nilipomweleza alisema hawezi kufungiwa nira na asiyeamini. Alirudi kwao, wazee wakarudishiana, yakaisha. Aliniumiza, ila hakunidanganya.

Mama ni habari nyingine.

Nilimwambia vibaya. Nilikuwa nimeenda likizo, akaniamsha kwa ajili ya maombi ya alfajiri, nikachoka kujifanya, nikasema yote pale pale na nikaongeza aya. Nikamweleza habari za Bonde la Hinomu! Mama yangu aliyeishia darasa la saba, aliyenilea kwa kuuza dagaa, nikamsomesha historia saa kumi na moja alfajiri. Alinisikiliza akiwa amepiga magoti. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nitafurahije mbinguni nikijua wewe unaungua?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Ndipo nilipoelewa kwamba hofu yangu mimi nilikuwa na namna ya kuishughulikia, ila ya kwake sikuwa nayo. Yeye hakuwa ananitawala wala kuniaibisha. Alikuwa anaona mtoto wake anakimbilia motoni. Mzazi anayeona hivyo na kunyamaza ndiye wa kutiliwa shaka. Alifunga siku nyingi, akakonda, akanipigia simu usiku kuniuliza kama niko hai. Alileta mchungaji bila kuniambia, nikakuta kikao kimeshakaa sebuleni na soda zimefunguliwa. Ndugu walinitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, kisha mama mdogo akanirudisha kimyakimya kwa sababu kulikuwa na michango ya msiba.

Tulikaa vibaya kwa muda mrefu. Kilichotuokoa ni makubaliano madogo madogo yaliyofikiwa bila mkutano wowote. Nikienda kwake nasimama wakati wa sala na naitikia salamu, "Bwana Yesu asifiwe", "Amina", kwa sababu ni salamu ya nyumba yake. Siongozi sala na sishiriki meza ya Bwana, naye hanilazimishi. Haleti mchungaji bila kunitaarifu. Simwambii tena aya. Akisema ananiombea namjibu, "Ahsante Mama." Kuna wenzangu wanaoona kwamba huo ni unafiki. Labda hawana mama kama wangu, au wana nguvu kuliko mimi.

Mwaka 2023, habari za Shakahola zilipotoka kule Kilifi, Kenya, zaidi ya miili 400 ikifukuliwa msituni, watu waliofunga hadi kufa wakiambiwa watakutana na Yesu, na watoto wakiwemo, Mama alinipigia. Alikuwa ameangalia taarifa ya habari. Alinyamaza, akasema, "Wale watoto Mungu hawezi kuwachoma." Wazazi wao je? Sikumuuliza. Aliendelea mwenyewe, "Na mama zao walidanganywa tu." Tukaongea habari za bei ya sukari.

Mambo ya kawaida sasa, kwa anayefikiria kutoka. Kama mwajiri wako ni taasisi ya dini, au unaishi nyumba ya wazazi, au ada yako inalipwa na kanisa, nyamaza kwanza. Kunyamaza si uongo. Tafuta kazi nyingine, maliza chuo, weka akiba ya kodi ya miezi kadhaa. Namfahamu mwalimu aliyetangaza mtandaoni Ijumaa, Jumatatu hakuwa na kazi. Mweleze mtu mmoja kabla ya wote, na asiwe yule anayekupenda zaidi, maana huyo ndiye atakayeogopa zaidi. Kama ulikuwa kwenye kikoba cha kanisani, maliza mkopo wako na uchukue hisa zako kwa utaratibu, kabla maneno hayajasambaa.

Kisheria uko salama kuliko unavyodhani, walau Tanzania: ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967. Kenya iliuliza mwaka 2019, na watu 755,750 wakahesabiwa kuwa hawana dini, kwa hiyo hauko peke yako kama unavyojiona ukiwa kwenye daladala lenye redio ya injili. Kwenye fomu za hospitali bado kuna mahali pa kujaza dini. Mimi naweka kistari. Karani mmoja alikijaza mwenyewe, "Mkristo," kwa kuangalia jina langu.

Haya yangu ni ya mtu aliyetoka kwenye ulokole. Rafiki yangu wa Pemba, angetaka kutoka kwao, angekuwa na ndoa, urithi na ukoo mzima wa kufikiria, na sheria za kijamii ambazo mimi sikuwahi kukutana nazo. Asichukue hatua kwa kusoma habari zangu.

Swali la mwisho la Mama, aliloliuliza mara nyingi kuliko hata la moto, lilikuwa hili: "Sasa utazikwa na nani?" Si swali dogo kwetu. Makanisa mengi hayamziki asiye hai kiushirika, na mtu anaweza kuvumilia kila kitu isipokuwa kufikiria jeneza la mwanawe limekaa uani halina wa kuliombea. Nilijibu kwa utani mara kadhaa, akaumia. Baadaye nikafanya kinachotakiwa. Nilimwandikia kaka yangu, kwa mkono na kwa sahihi, ninavyotaka: nizikwe Muleba karibu na bibi, watu waimbe wanachotaka, Tukutendereza ikiwemo, asitokee mtu wa kuhubiri nimekwenda wapi. Kisha nikajiunga na chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwangu. Katibu ni Mwislamu, mweka hazina ni Mkatoliki, kina maturubai, viti na masufuria yake, na hakiulizi dini ya marehemu bali kama michango yake iko sawa.

Nilimsomea Mama kanuni zake kwenye simu, kipengele kwa kipengele. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia kanisani kwake siku hizi usipomaliza ahadi ya jengo wanakuchelewesha, kisha akauliza kiingilio ni shilingi ngapi na kama wanapokea watu wa Mwanza.